Jembe Chini ya Kitanda

Masika ameniomba jembe mara mbili tangu asubuhi, na mara mbili nimemwambia aketi, achukue kalamu, aandike kwanza. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Kavira. Ameolewa, na Jumamosi anahamia Bungulu, kule Beni, kwenye nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma yake. Anataka kufika na jembe begani ili wakwe wamwone kuwa ni mwanamke wa kazi. Jembe atalipata. Lakini kuna jambo analopaswa kulijua kabla, na kwa kuwa atalijua yeye, nataka mlijue na ninyi wengine, vijana wa Mususa hapa Butembo na wa Bungulu, ambao kila siku nawasikia mkilalamika kwamba nyumbani hakuna cha kupika.

Mimi sikusoma. Nimepika. Nimepika zaidi ya miaka thelathini kwa ajili ya watu ambao hawakuwa ndugu zangu, na mboga zote nilizowapikia zilitoka nyuma ya jikoni. Najua kwamba mashamba ya wazazi wenu wengi yako mbali na hayafikiki kama zamani, na kwamba mmebaki na kipande cha udongo kilicho kati ya choo na ukuta wa jirani. Kipande hicho kinatosha. Sisemi hivyo ili kuwafariji. Nimewalisha wasichana arobaini kutoka katika bustani ambayo mzee kama mimi angeweza kuivuka kabla ya kumaliza Salamu Maria.

Nianze na maharagi, kwa sababu ndiyo yaliyoniaibisha kwanza.

Nilizaliwa Kipese, mlimani, penye ukungu na baridi. Kule maharagi huwekwa motoni watu wakienda shambani, na wakirudi huyakuta bado yanabishana na meno. Niliposhuka Beni kuanza kazi, nilifanya kama nilivyolelewa: niliyateleka alfajiri, nikatia kuni nene, nikaenda kufanya mengine. Nilipofunua sufuria, nilikuta uji. Wasichana waliula kwa vijiko wakidhani ni chakula cha wagonjwa. Kumbe mlimani maji huchemka upesi lakini hayana ukali, na bondeni huchemka kwa kuchelewa lakini yakichemka hupika kweli. Masika anasema jambo hilo walifundishwa shuleni. Vizuri. Mimi nilifundishwa na sufuria, mbele ya watu arobaini wenye njaa.

Basi nyumba yenyewe, kulekule Bungulu, ilikuwa hivi. Ilikuwa nyumba ya kulala wasichana wa shule ambao wazazi wao waliishi vijiji vya mbali. Ilikuwa na mkuu wake, ambaye sote tulimwita Madame Directrice, mama mrefu asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume. Shemeji yangu alikuwa ameingia katika nyumba yetu ya Kipese pamoja na mke wake na mbuzi wake, akaniambia kwamba mahali pangu sasa ni kwa wazazi wangu, nao wazazi wangu walikuwa kaburini. Nilishuka Beni na Kavira mgongoni kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mpishi wa nyumba ile alikuwa akipoteza macho na walitafuta wa kumrithi.

Madame Directrice alinitazama mikono, si uso.

“Miezi tatu, mama,” alisema. “Kama batoto wanakula muzuri, utabakia, na kile chumba ku kando ya jikoni njo ya kwako na mutoto wako. Kama hapana, utarudia kwenu.”

Nilijibu, “Ndiyo, Madame.” Sikumwambia kwamba neno “kwenu” halikuwa tena na mlango. Kila jambo nitakalowaeleza baada ya hapa, lisikilizeni mkikumbuka chumba kile. Kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha moja, na Kavira alikuwa amekwisha kuchagua kona yake.

Mpishi niliyekuja kumrithi aliitwa Mama Katungu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na weupe, lakini jikoni alitembea vizuri kuliko mimi niliyeona. Alikuwa Mprotestanti, nami Mkatoliki, na jambo hilo hakuliacha lipite bure. Hatukuwa na saa ya ukutani. Kila mmoja alipima moto kwa sala zake. Yeye alipika mboga kwa urefu wa wimbo mzima wa kanisani, nami kwa Baba Yetu.

“Sala yenu ninyi Bakatolika ni fupi sana,” aliniambia siku ya kwanza. “Mboga haina wakati ya kuiva.”

“Nitasali mara tano, mama.”

“Sali kumi. Uko na zambi mingi, naisikia ku sauti.”

Jioni ile alinipa bugali wa muhogo na lengalenga iliyopikwa kwa karanga. Lengalenga ni ile mboga ambayo wengine huiita mchicha. Nilikula, nikaongeza, nikaongeza tena. Kesho yake Mama Katungu alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa lake kwa siku tatu, akaniachia nyumba.

Sasa sikilizeni kosa langu, ambalo ni kosa la watu wa mlimani peke yao. Kwetu Kipese heshima ya mwanamke huonekana shambani kabla ya kuonekana usoni. Viazi vyake viko katika mistari, vitunguu vyake vya majani viko katika mistari, na kati ya mstari na mstari hakuna kitu ila udongo mweusi. Mwanamke ambaye magugu yamemzidi husemwa njiani, husemwa kisimani, na binti zake huchelewa kuolewa. Asubuhi ile nilifungua mlango wa nyuma, nikaitazama bustani ya Mama Katungu, nikaona aibu kwa niaba yake. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Kulikuwa na mashina mekundu yanayopita kiuno, yenye mikia ya mbegu, kulikuwa na vitu vinavyotambaa, vitu vinavyopanda juu ya vitu vingine. Nilisema moyoni: maskini, macho yake yamekufa na shamba limekufa pamoja nayo.

Nilichukua jembe. Kufikia jua la katikati nilikuwa nimeng'oa kila kilichokuwa na jani, nimekitupa mferejini, na mvua ya alasiri ikakichukua. Nilivunja madonge, nikasawazisha, nikachora mistari kwa kamba. Kisha nikapanda mbegu za viazi nilizotoka nazo Kipese ndani ya kitambaa. Ziliozea palepale ardhini kwa joto, lakini hilo nililijua baadaye.

Mama Katungu alirudi. Alivua viatu, akaingia bustanini kama alivyozoea kuchuma mboga za jioni, kwani alichuma kwa miguu na vidole. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja sifa. Alipiga hatua mbili, akasimama. Akapiga hatua moja kushoto. Akainama, akapapasa udongo.

“Nani amekufa hapa?” aliuliza.

“Hakuna mutu, mama. Nimesafisha.”

“Umesafisha nini?”

“Majani. Ilikuwa pori.”

Alipukuta udongo vidoleni. Kisha akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha:

“Kahindo, siku ulifika, nilikupa kula nini?”

“Bugali na lengalenga, mama.”

“Ulirudilia mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Na ile lengalenga ilitokea wapi?”

“Ku soko?”

“Ku soko!” Alipiga makofi mara moja. “Mu iyi nyumba hatuendaka ku soko juu ya mboga. Njo ile umetupa ku mufereji. Hapa ulisimama, lengalenga. Pale, mnavu. Pale ku ukuta, maboga na majani yake. Batu makumi ine wanakula mu ile pori yako tangu weye haujaolewa!”

Nilipiga magoti kwenye udongo niliouvunjavunja mwenyewe. Nilimwomba asimwambie Madame Directrice. Nilimweleza habari za shemeji, za mbuzi waliolala mahali ambapo mume wangu alikuwa akiweka kiti chake. Hakunipa pole. Aliniomba jembe. Nilimpa, akapapasa makali yake kwa kidole gumba, akaenda nalo chumbani kwake, nikasikia likisukumwa chini ya kitanda.

Alipotoka alikuwa na maharagi mkononi. Alijua kwamba sijui hesabu ya kuandika. Aliyapanga juu ya rafu ya jikoni, moja baada ya jingine, ishirini na moja.

“Kila asubuhi, tupa moja mu sufuria,” alisema. “Hakuna jembe, hakuna kupanda, hakuna kungoa. Hapana gusa iyi udongo ata na kidole. Nikisema kwa Madame leo, atakufukuza leo. Nitanyamaza mupaka ile ya mwisho. Kisha tutaona kama udongo imekusamehe.”

Masika anauliza kwa nini ishirini na moja. Andika, mjukuu, swali lako litajibiwa na mboga.

Wasichana arobaini hawawezi kungoja punje za maharagi. Ilinibidi kutafuta mboga mahali ambapo jembe langu halikufika, yaani pembeni. Hapo ndipo nilipojifunza upishi, kwa sababu mtu mwenye kila kitu hapiki, huteleka tu. Ua wa nyumba ulikuwa wa mihogo iliyoshonana, basi tulikuwa na sombe, ile ambayo wengine huiita kisamvu. Kwenye mteremko kulikuwa na viazi vitamu vya mtu aliyehama, basi tulikuwa na matembele. Nyuma ya choo kulikuwa na mipapai miwili. Papai bichi likimenywa, likakatwa vipande na kuchemshwa pamoja na kitunguu, msichana aliyechoka hawezi kulitofautisha na boga.

Sombe nilikuwa siijui. Kipese hakuna muhogo. Nilichuma majani yoyote niliyoyafikia, nikayakatakata kama kabichi, nikafunika sufuria. Mama Katungu alinusa kutoka uani, akaja, akaimwaga yote.

“Unataka kuua batoto wa watu?”

Basi aliniambia, nami nawaambia ninyi. Chuma majani machanga ya kileleni tu, yale ambayo shina lake linavunjika kwa mlio. Yapitishe katika maji ya moto, uyamwage maji hayo. Twanga hadi kinu kibadilishe sauti. Mwanzoni kinasema kavu, mwishoni kinasema kama mtu anayetembea kwenye matope. Pika muda mrefu bila kufunika, kwa sababu muhogo, na hasa ule mchungu, una ubaya ndani yake, na ubaya huo hutoka pamoja na mvuke; ukifunika, unaurudisha. Mafuta ya mawese yaingie wakati harufu ya ubichi imekwisha, si kabla. Siku hizi mnapeleka sombe kwenye mashine, inasagwa mara moja, nanyi mnadhani kwamba mashine imekwisha kuipika. Mashine imewaondolea kazi ya mikono. Kazi ya moto haijawaondolea. Na vile vijipande vya kukoleza mnavyovitupa katika kila sufuria, vinawafanya mpike mboga saba zenye ladha moja.

Kuhusu kudharau majani, nina neno. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimehamia hapa Butembo na kuwapikia mafundi seremala wa Mususa, mmoja wao alisukuma sahani mbele ya wenzake.

“Mama Kavira, leo tena tunakula majani kama mbuzi?”

“Weye hauone mbuzi vile ananona?” nilimjibu. “Na yeye hajapigaka randa ata siku moja.”

Wenzake walimwita Mbuzi mpaka alipopata duka lake. Alipofungua duka alinijengea rafu bila kuniomba kitu. Inasimama pale jikoni hadi leo.

Narudi Bungulu. Wiki ya kwanza wasichana walikula kimya. Wiki ya pili walianza kuimba siku za juma, na kila siku waliipa jina lilelile.

“Sombe lundi, sombe mardi! Mama Kahindo, dimanche tuko na nini?”

“Sombe,” nilisema.

“Na Noeli?”

“Mukiendelea na kelele, sombe.”

Nilicheka nao, lakini usiku nilimtazama Kavira kwenye kona yake na sikucheka.

Udongo nao ulikuwa umeanza kufanya jambo. Punje sita zilipokuwa zimeingia sufuriani, niliona ukungu wa kijani juu ya ardhi, mdogo kiasi kwamba ukisimama wima huuoni. Punje kumi zilipoingia, ardhi yote ilikuwa imeota, bila mpango, juu ya mistari yangu na kati ya mistari yangu. Mkono wangu uliwasha. Mtu aliyelelewa kama mimi akiona kitu kimeota mahali ambapo hakukipanda, huhisi kama mtu aliyeona panya kwenye unga. Na kama kwamba hilo halitoshi, siku moja alipita mwanamke wa kwetu, Mama Paluku, aliyeteremka na vitunguu vyake vya majani kuja kuviuza Beni. Alichungulia juu ya ua.

“Kahindo! Jembe yako ilikufa?”

“Iko napumuzika.”

“Na mwenye jembe pia?” Alicheka hadi kikapu chake kikatikisika. “Nikifika Kipese nitasema joto ya Beni ilikukula mikono. Shemeji yako atafurahi.”

Nilikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mama Katungu.

“Nipe jembe, mama. Nitalima ku kando tu, kule batu wanapita.”

“Punje ngapi zimebakia?”

“Kenda.”

“Basi rudia kesho, kutabakia munane.”

Hakufungua mlango. Nawaambia ukweli: kama jembe lingekuwa mahali ambapo mkono wangu ungelifikia, ningelima, na leo Masika angeandika habari nyingine, au asingekuwapo wa kuandika.

Zilipobaki punje tano, Madame Directrice aliingia jikoni. Alifunua sufuria, akaifunika.

“Dimanche nitakuja kula hapa na wazazi wawili,” alisema. “Mama, hapana nipikia sombe. Nataka mboga ya bustani. Tuko na bustani, ama hatuna?”

“Tuko nayo, Madame.”

Alipotoka nilikimbilia bustanini. Miche ilikuwa na urefu wa kidole. Hiyo Jumapili zingekuwa zimebaki punje mbili, na hata baada ya hizo mbili, sikuona namna kitu kirefu kama kidole kingeshibisha mtu. Nilianza kukunja nguo za Kavira. Mama Katungu alisikia nguo zinavyokunjwa.

“Weye unaenda wapi?”

“Iko kidogo sana, mama. Haiwezi kutosha.”

“Nani alikuambia tutangoja ikuwe mikubwa?”

Jumapili, baada ya mimi kutoka misa ya kwanza, alinipeleka bustanini na kikapu.

“Funga macho,” alisema.

“Mama, nikifunga macho nitaona namna gani?”

“Ukifungua, utaona majani tu. Macho yako ni ya Kipese. Funga.”

Nilifunga. Alichukua vidole vyangu, akaviweka juu ya mche. Shina la lengalenga changa ni laini kama ngozi nyuma ya sikio la mtoto, na ukilivuta, mzizi hutoka bila ugomvi, na hunuka udongo uliolowa. Gugu la kweli lina manyoya, au lina pembe, au linakataa kutoka. Mnavu una jani linaloteleza. Jani la boga hukwaruza, lakini kwa adabu. Tuliendelea hivyo mstari kwa mstari, ingawa mistari haikuwapo: mahali ambapo miche mitano imesongana, tulitoa minne na kuacha mmoja. Huko ndiko kupunguza. Kikapu kilijaa. Kikajaa cha pili. Nilipofungua macho, bustani haikuonekana kupungukiwa. Iliyobaki ilikuwa imepata nafasi ya kupumua.

Nilielewa wakati ule kwa nini alininyima jembe. Kila mwaka aliacha mashina machache yakomae, yamwage mbegu, na mbegu hizo zilikuwa zimelala udongoni kwa miaka. Jembe langu la kwanza, pamoja na ujinga wangu wote, lilizigeuza zikaona mwanga, zikaamka. Jembe la pili lingezikuta zimeamka, na lingezimaliza. Siku ishirini na moja ndizo zinazotosha ili ardhi ikuonyeshe kila kilichomo ndani yake.

Lengalenga changa hupikwa na mzizi wake, ukiisha kuoshwa mara tatu, kwa sababu mchanga mmoja ukilia jinoni mwa mgeni, hakumbuki kitu kingine. Kitunguu kilipolainika niliitia mboga, kisha nikanyoosha mkono kuchukua mtungi, kwani kabichi ya kwetu hupikwa kwa maji. Mama Katungu alinipiga kwenye kifundo cha mkono kwa mwiko, bila kukosea.

“Iko na maji yake. Unataka kuibatiza?”

Kweli, ilitoa maji yake yenyewe. Chumvi iliingia mwisho, mboga ikiwa imekwisha kunywea, kwa sababu ukitia chumvi ukiona sufuria imejaa, utatia ya sufuria iliyojaa. Karanga zilizosagwa ziliingia baada ya hapo. Nilisali Baba Yetu tano kwa kasi, yeye akaimba wimbo mmoja, tukamaliza pamoja.

Madame Directrice alikula na wageni wake kwenye meza ya wasichana. Wasichana waliona mboga, wakaivamia, nikasikia vijiko tu. Mzazi mmoja, baba mwenye mashamba upande wa Oicha, alikwangua sahani.

“Iyi ni laini kabisa,” alisema. “Nani anawalimia?”

Madame Directrice alinigeukia. “Mama Kahindo, njo weye ulilima?”

Neno moja lingetosha. Ningesema ndiyo, na isingekuwa hata uongo mzima, maana nililima kweli. Mama Katungu alikuwa amekaa karibu na mlango, uso wake ukiangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alikuwa amenyamaza siku zile zote kwa ajili yangu, na kama ningechukua sifa ile mbele yake, angenyamaza tena. Hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

“Mimi niliua bustani, Madame,” nilisema. “Niliingoa yote siku moja nyuma ya kufika. Njo maana batoto walikula sombe. Iyi imejiotea. Mama Katungu ananifundisha kuiona.”

Madame Directrice alifuta midomo.

“Mama Katungu, ulijua?”

“Nilikanyaga, Madame.”

“Na ulinyamaza.”

“Nilinyamaza. Munifukuze na miye, nitaenda kesho tu kwa mutoto wangu, nguo zangu ni mbili.” Kisha aliinua kidole. “Lakini, Madame, sikia. Mutu mwenye aliharibu yote kwa siku moja na akabakia kuangalia mupaka ikarudia, ule hawezi kuharibu tena. Mukitafuta mwingine, ataanza naye kusafisha.”

“Na uyu akisafisha tena?”

“Hawezi. Jembe iko chini ya kitanda yangu.”

Yule baba wa Oicha ndiye aliyecheka kwanza. Madame Directrice hakucheka. Nimekwisha kuwaambia kwamba hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Aliisogeza sahani yake mbele yangu.

“Niongezee,” alisema. “Na kesho, ata kama iyi mboga ni ya mwisho, sombe hapana.”

Miezi mitatu ilipotimia hakuniita ofisini. Alimtuma fundi aje kutengeneza bawaba ya dirisha la chumba chetu, nami nikaelewa. Kavira alikulia kwenye chumba kile. Mama yako, Masika, alijifunza kutembea kwa kushika mashina ya lengalenga.

Mama Katungu alikaa nami mwaka mmoja zaidi, kisha mwanawe akaja kumchukua. Siku ya kuondoka alilivuta jembe kutoka chini ya kitanda, akalipapasa makali kama siku ile, akanipa. Aliniambia kwamba sasa ninaweza kulitumia, kwa kuwa sina haraka nalo tena. Nimelibadilisha mpini mara nne. Chuma ni kilekile, kimeliwa hadi kimekuwa kama ulimi wa ndama.

Masika ameweka kalamu chini. Anasema: “Koko, nimeandika yote. Njo nipe jembe sasa, nguo nimeshafunga.”

Jembe liko chini ya kitanda changu. Unakwenda kwenye ardhi usiyoijua, ya watu usiowajua, na umefunga safari ukiwa na moyo wa kusafisha. Juu ya ile rafu ya seremala kuna kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kuna maharagi ishirini na moja, nimeyahesabu mwenyewe. Tangu Jumatatu, kila asubuhi tupa moja katika sufuria. Wakwe wakikuita mvivu, wapikie. Ile ya mwisho ikiisha kuingia, panda gari uje Butembo, unieleze ulichokiona nyuma ya nyumba ile, kimoja kimoja, ukiwa umefunga macho. Ndipo nitalivuta jembe mwenyewe.